Bwawa Lililojengwa Karibu na Barabara

Nilizaliwa Kikima, mahali ambapo mtu hapandi mahindi bila kwanza kukata mlima ngazi. Baba alinifundisha kuchimba matuta nikiwa darasa la nne. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda nyasi kwenye ukingo. Nilichukia kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Nilisoma kwa bidii, si kwa kupenda vitabu, bali kwa kuwa sikuwahi kumwona mtu mwenye diploma akishika sururu. Diploma ya kilimo nikaipata, na mradi mmoja wa kuhifadhi udongo na maji ukaniajiri na kunipeleka upande wa Mutomo. Nilipewa pikipiki, koti lenye mifuko mingi, na cheo kirefu ambacho maana yake ilikuwa kwamba mimi ndiye nitakayezungumza na wananchi ili wakubwa wasilazimike kuzungumza nao.

Mradi ulitaka kujenga bwawa la mchanga. Mito ya kwetu hukaa mikavu karibu mwaka mzima. Ukijenga ukuta wa zege kuvuka mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, ambako jua haliyafikii. Watu huchimba kidogo tu wakateka. Ni kitu kizuri, kikijengwa panapofaa, na panapofaa ni pale penye mwamba chini ya mto na kwenye kingo zote mbili. Hata mimi niliyesoma kwa hasira nililijua hilo.

Mahali pa namna hiyo palikuwapo, nyuma ya kona ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Injinia wa mradi alifika huko mara moja. Suruali yake ilijaa mbigili, akatoka huko akitukana, na kuanzia siku hiyo akawa anasifia sehemu iliyo karibu na daraja. Alisema pale malori ya simiti yatafika bila shida. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba wageni wataliona bwawa bila kushuka kwenye magari.

Ukingo wa karibu na daraja ulikuwa shamba la mama mmoja mjane, mshonaji wa nguo aliyekuwa na cherehani yake sokoni Mutomo. Hapo alikuwa amepanda ndengu na mbaazi, na karibu na mto alikuwa na michungwa aliyoinywesha kwa mitungi, maji akiyachota kwenye mashimo mchangani. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na hakuwa na desturi ya kumfurahisha mgeni. Tulipofika na injinia hakutupa viti. Alitusikiliza amesimama, kisha akasema kwamba ukingo wake hauna mwamba. Alijua kwa sababu alichimbisha choo pale, na yule mchimbaji alishuka futi ishirini bila kugonga jiwe. Mto ukizuiwa mbele, alisema, utatafuta njia, na njia yenyewe itakuwa shamba lake.

Injinia alikuwa akitazama kompyuta yake ndogo ya mkononi. Alitabasamu lile tabasamu wanalofundishwa sijui wapi.

"Mama, vipimo vimeshafanywa," alisema. "Hatuwezi kupanga kazi ya kitaalamu kwa kufuata choo."

Garini alicheka njia nzima, na mimi nikacheka pamoja naye. Nataka hilo lijulikane. Nilicheka kwa sababu mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja.

Bila sahihi ya yule mama bwawa lisingejengwa, na kazi ya kupata sahihi ilikuwa yangu. Nilirudi peke yangu mara tatu. Mara ya tatu niliacha Kiswahili cha ofisini nikaongea naye Kikamba, nikamwita mama kama ninavyomwita aliyenizaa, nikamwambia kwamba mabomba yatafika mpaka kwenye michungwa yake, na kwamba majirani wanasema yeye ndiye anayewanyima maji. La kwanza sikuwa na uhakika nalo. La pili nililitunga mwenyewe pale pale. 

"Wewe ni mtoto wa milimani," akasema. "Udongo unaujua. Unaniambia nitie sahihi?"

Nikamwambia atie. Akaandika jina lake taratibu, akanirudishia kalamu bila kunitazama.

Akina mama wa kikundi cha mwethya, kile cha kusaidiana kazi za mashamba, walibeba mawe na maji kwa wiki nyingi, na mjane akiwa miongoni mwao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa wenzake wakifanya kazi. Ukuta ulisimama. Siku ya uzinduzi yalipigwa mahema mawili, na chini ya mahema wakaketi watu ambao hawakuwa wamebeba hata kokoto. Waliobeba walisimama juani wakiwa wamevaa fulana za mradi, zote za saizi moja, za kumtosha mtu mnene ambaye kijijini hapakuwa naye. Maji ya chupa yaliletwa kwa gari kutoka Kitui mjini ili wageni wanywe wakisherehekea maji. Mheshimiwa mmoja alihutubu muda mrefu juu ya ukame, akiutaja kama jamaa yake wa karibu, kisha akaondoka kabla ya chakula kwa sababu ya vumbi. Bamba la chuma lilipigiliwa ukutani likiwa na majina ya wakubwa wote. Injinia alipigwa picha mbele yake akiwa amevaa kofia ngumu, ingawa juu yake hapakuwa na kitu cha kumwangukia ila mbingu.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu. Asubuhi baada ya mafuriko ya kwanza nilienda na pikipiki, nikaiacha darajani. Ukuta ulikuwa umesimama vile vile, mzima, bamba linang'aa. Mto haukuwa hapo. Ulikuwa umepita kando, umekata ukingo laini wa yule mama kama mtu anavyokata ugali, na sasa ulikuwa ukikimbia mahali palipokuwa na michungwa. Choo kilikuwa kimekwenda. Nusu ya shamba la ndengu ilikuwa imekwenda. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mchanga wala maji, ila matope na ndala moja.

Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo hilo jipya. Nilianza kusema pole. Alinikatiza.

"Usiniambie pole kwa Kikamba," alisema. "Niambie kwa ile lugha ya mradi."

 Nilirudi kwenye pikipiki machozi yakinilengalenga, na machozi yenyewe niliyadharau, kwa sababu aliyepoteza shamba hakuwa akilia.

Injinia alifika wiki iliyofuata. Aliupiga picha ukuta kutoka upande wa daraja, akihakikisha korongo halionekani, kisha akaandika kwamba muundo ulistahimili mafuriko. Haukuwa uongo. Ukuta ulistahimili kwa sababu mafuriko hayakuugusa. Niliambiwa niongeze sehemu yangu kuhusu jamii na nitie sahihi. Nikaandika kwamba ukingo haukuwa na mwamba, kwamba mwenye shamba alitueleza mapema, na kwamba mimi ndiye niliyemshawishi kwa maneno yasiyo ya kweli. Ripoti ilirudi sentensi hizo zikiwa zimefutwa na mahali pake pakiwa pamewekwa moja: jamii imeupokea mradi kwa moyo mkunjufu. Sikutia sahihi. Mstari wa chini ukajazwa na mtu mwingine, na mwaka ulipokwisha nikaandikiwa barua ya kunishukuru kwa mchango wangu. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechelewa, tena sana.

Nilipokwenda kwake bila koti la mradi, mama alinitazama mikono.

"Hujaja na jembe?"

Nikamwambia sina. Akanielekeza kwa jirani nikaazime. Hakunisamehe siku ile, na sijui kama amewahi. Alinipa kazi tu. Pamoja na mwethya tulipanga mawe kuvuka lile korongo, safu baada ya safu, tukapanda mkonge kwenye ukingo na nyasi za nepia mbele yake, na juu shambani tukachimba matuta yale yale niliyoyakimbia utotoni. Nilikaa kwa binamu yangu pale Mutomo, nikitembea asubuhi kwenda na jioni kurudi. Viganja vilichubuka, na wale akina mama walivicheka waziwazi. Baadhi ya majirani walipita wakituambia kwamba mto hauzuiliki kwa majani. Ni wale wale waliokuwa wamepigania fulana siku ya uzinduzi.

Mvua iliyofuata ilibomoa safu mbili za mawe, tukazipanga upya. Ile ya baadaye iliacha udongo nyuma ya mawe, kidogo, unaotosha kujaza karai chache. Sasa, miaka kadhaa baadaye, ukingo umetulia. Michungwa haikurudi. Mama amepanda nepia mpaka chini na huuza mafungu kwa wenye ng'ombe, na waliosema mto hauzuiliki kwa majani huja kuyakata mchana kweupe yeye akiwa sokoni kwenye cherehani yake. Safari yangu ya mwisho huko nilimkuta amemshika mmoja wao na mzigo kichwani, mzee wa kanisa. Hakumpigia kelele. Alimwamuru autue, auhesabu mkonge ulioinama pale alipopita, na ausimamishe wote. Nilimwacha yule mzee amepiga magoti kwenye matope, akifukia mizizi kwa mikono.