Kidude cha Kwenye Sufuria ya Gundi

Asubuhi ile nilitoka Kinondoni bila mpango wowote. Kibarua cha kupalilia minazi kilikuwa kimekwisha, na mie kukaa mahali pamoja huniwasha kama upupu. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo. Nilifunga shuka langu, nikashika njia.

Sikufika mbali, hata Kinondoni sikuimaliza. Mbele ya nyumba moja ya makuti, mzee alikuwa amefungua boneti ya motokaa kuukuu, ya tangu kabla ya vita. Mkewe alikaa ndani, kajifunika blanketi, ingawa jua lilikwisha kuwa kali.

"Shikamoo, mzee. Imeharibika?"

"Marahaba. Haijaharibika. Imepungukiwa."

Akanieleza, na mie habari za mashine sijapata kuzichoka. Mkewe aliumwa kifua, akataka kurudi kwao Usambara, amwone mama yake angali hai. Walikwisha kujaribu mara moja. Bondeni motokaa ilikwenda vizuri, lakini walipopanda kwenye baridi na ukungu injini ikawa inakohoa na kuzimika, mpaka wakageuza. Ilikosa themostati, kile kidude cha shaba kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kupozwa kabla injini haijapata joto. Fundi alikuwa amekitoa zamani, akakitupa.

"Hapa wote wanavitupa," mzee alisema. "Wanasema joto tunalo la kutosha."

"Na wewe ukamshukuru fundi," mkewe akasema. "Ukampa na chai."

Mzee alimwendea. Alimwekea blanketi vizuri mabegani.

Nikasema nitakitafuta. Akanichorea kwa kaa juu ya kipande cha boksi: duara la upana wa vidole vitatu, kifuniko katikati, chini mikunjo mikunjo.

Gereji tatu zilinicheka. "Dar hii unatafuta joto?" Moja ikanipa kifuniko cha rejeta ili niondoke.

Mchana nilifika Keko, kwa maseremala. Mmoja wao, Mzaramo mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, alikuwa anapasha gundi ya ngozi: kopo la gundi limekaa ndani ya sufuria ya maji. Majini, kwenye waya, kilining'inia kidude. Nikachuchumaa kutazama. Maji yalipopata moto, kifuniko cha kidude kikajifungua taratibu, na seremala akavuta kuni pembeni.

"Gundi ikichemka imekufa," alisema. "Hiki ndicho kinachoniambia. Nilikiokota jalalani, jina lake silijui."

Nikatoa boksi langu, nikalinganisha. Upana ule ule.

"Wewe kabila gani?" akauliza.

"Mnyamwezi."

"Kumbe mtani wangu! Bado hamjaacha kubeba vitu vya pwani?"

"Tukiviacha mnavipikia gundi."

Nikakinyakua. Kikaniunguza, nikawa nakirusha mkono huu na huu, majirani zake wakipiga makofi. Mtani akikunyang'anya kitu, utamshitaki kwa nani? Lakini nilipomweleza habari za yule mama, aliacha kucheka. Akaitazama sufuria.

"Nina makabati ya kuunga. Nani ataniangalizia maji?"

"Mie."

"Basi kipeleke, urudi. Usiporudi nitajua Wanyamwezi wamekwisha."

Nilirudi Kinondoni nusu mbio. Mzee alikipachika, akakifunga, akazungusha hendeli. Injini ikaitika. Kisha akamshusha mkewe polepole, akamwekea kiganja juu ya mpira wa juu wa rejeta, naye akaweka mkono wake juu ya kiganja hicho.

"Baridi," mkewe alisema. Tukangoja. "Bado baridi. Bado." Halafu uso wake ukabadilika. "Sasa!"

"Kimefungua," mzee akasema, lakini mkono hakuuondoa.

Mama yule aliviona vidole vyangu vilivyoungua, akavishika na kuvipuliza kama vya mtoto. "Nimwambie mama nani katusaidia?"

"Mwambie Mzaramo mmoja wa Keko."

Wangeondoka kesho yake alfajiri. Jioni ile walinipeleka Keko kwa motokaa, na seremala akatoka kuisikiliza injini. Walipokwisha kwenda, alinionyesha kitanda cha mvule, kipya, ambacho mwenyewe alikuwa hajaja kukichukua.

"Utalala hapa. Ila usipande na viatu, mtani. Mali ya watu hiyo."

"Sina viatu."

"Basi nawa miguu."