Mpira Alioweka Mkononi mwa Mwenzake

"Siyo wivu, Auntie! Nimerushia timu yetu mpira wa besiboli msimu mzima, halafu kesho, fainali, kocha anampa Neema zamu yangu? Amehamia Haltom City juzi tu! Mimi siendi."

"Kwani harushi vizuri?"

"Anarusha... vizuri sana. Lakini siendi!"

Auntie Wanjiru alicheka, akaendelea kukata sukuma wiki. Naandika maneno yake haraka kabla sijayasahau.

"Keti, mwanangu. Ulivyonuna umenirudisha Houston, miaka ya tisini. Mimi nasomea unesi, Uncle wako Ray ni mrushaji wa besiboli, timu ndogo, zile za kulala kwa basi. Hatujaoana. Siku hiyo alirusha, wee! Wapigaji wanachapa hewa tu. Karibu mwisho, tukiongoza kwa pointi moja, kocha akaingia uwanjani kumtoa, eti mkono umechoka. Nikasimama nikapiga kelele kwa Kiswahili, 'Mwache amalize!' Watu wote wakanigeukia. Mamake Ray akanivuta sketi. 'Keti, binti. Hajamaliza kazi. Mwangalie.'

"Ray hakuutupa mpira chini. Alimngoja kijana aliyekuja kumpokea, akamwekea kwa kiganja, akamnong'oneza kitu. Kijana akarusha chini, chini kabisa. Mpigaji akakosa. Tena akakosa. Tena! Mara tatu, nje! Tukashinda! Na nani alikuwa wa kwanza kuruka kizuizi cha benchi kumkumbatia kijana? Ray! Nikamuuliza alimwambia nini. 'Kwamba yule mpigaji hawezi mpira wa chini.' Hapo nikajua, huyu ndiye nitaolewa naye."

"Uongo!" Uncle Ray alipaza sauti kutoka kwa jiko la nyama, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika-vunjika. "Mimi nilichagua wewe!"

"Choma nyama, mzee! Mwanangu, ameshastaafu, bega haliinuki vizuri, lakini yule kijana bado humpigia simu kila Krismasi. Kwa hivyo nisikize. Mpira unaushika kwa zamu. Ukiambiwa uutoe, utoe pamoja na kile unachojua. Mungu aibariki hiyo mikono yako, ijue kurusha na ijue kupeana."

Sasa ni usiku, na usingizi hauji kabisa! Wasichana wa Carrollton, wapinzani wetu wa kesho, tumeshacheza nao. Yule mpigaji wao mrefu hukimbilia mpira wa juu na kuukosa, na Neema hajui! Na mamake Neema atakuwa bado kazini kule ghalani, kwa hivyo Neema hana wa kumleta. Kesho asubuhi nita-drive gari hadi Haltom City nimchukue. Nitamwambia yote njiani, na tukifika, mpira wa kwanza nitamwekea mkononi mimi mwenyewe.