Kabureta ya Gari la Baba

Baba alipoanza kutembea kwa fimbo, niliamua kulifufua gari lake. Ni gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa, lenye gia kwenye usukani. Alilinunua akiwa karani wa migodi hapa Kolwezi, mkoani Katanga, kabla sijazaliwa.

Sisi asili yetu ni Kasai, mkoa wa mbali. Nilipokuwa mtoto, watu wetu walifukuzwa Katanga kama wageni, nasi tukaondoka kwa treni na mizigo tuliyoweza kubeba. Gari baba alimwachia jirani yetu, mtu wa Katanga ya kaskazini, aliyesali naye kanisa moja na kubishana naye juu ya mpira kila Jumapili.

Tuliporudi baada ya miaka kadhaa, jirani alikuwa amefariki na mkewe amehama, hatukuambiwa wapi. Nyumbani mwao alikaa mdogo wa marehemu, naye akatuonyesha gari nyuma ya nyumba. Bodi ilikuwa nzima. Baba akafungua boneti, akatazama, akafunga. Kabureta haikuwepo, wala kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Yule mdogo alisema alilikuta hivyo. Tulilisukuma mpaka kwetu, baba akalifunika turubai, na tangu hapo hakumtaja tena rafiki yake. Tulijua anachofikiri: kwamba rafiki huyo aliliuza gari lake kipande kwa kipande. Mama aliwahi kumtetea marehemu mezani. Baba aliinuka akaenda kulala, bukari, ule ugali wetu, ikabaki kwenye sahani.

Basi nikamwita fundi mmoja mwenye karakana kwenye barabara ya Mutoshi, anayependa magari ya zamani kuliko ya leo. Breki, mipira ya milango, nyaya zilizotafunwa na panya, hayo yote yalimalizika. Shida ikawa vile vifaa viwili, hasa kabureta. Alinishauri tufunge ya Kijapani, gari litatembea vilevile. Nilipomweleza baba, alisema, "Kama si kabureta yake, gari muiache ilale."

Sikubishana naye. Nilikwenda Lubumbashi na picha kwenye simu, nikazunguka kwa wauza vyuma. Walinitolea kabureta za malori, za pikipiki, na moja ya pampu ya maji. Mfanyabiashara mmoja akaniletea nyingine kutoka Zambia, ikafanana kabisa na ile tuliyoitaka, ila matundu yake ya bolti hayakukutana na ya injini. Fundi alitaka kuyapanua, nikamkataza. Nikarudi kufundisha darasani kwangu, na kwa muda nikaacha hata kulitazama lile turubai.

Halafu fundi akanipigia simu. Dereva mmoja alikuwa amemwambia kwamba kule Nzilo, karibu na bwawa, kuna mama mzee mwenye kabureta ya gari la namna ile, lakini kila anayeitaka anamkatalia. Jumamosi tukaenda, vumbi la malori ya madini likitufuata mpaka tulipoacha barabara kuu.

Tulimkuta akianika mihogo. Alitupa viti, akatuuliza safari. Fundi alipotaja kabureta, uso wake ukabadilika.

"Ile haiko yangu," alisema. "Siiuzishe kwa mutu."

Nikamwuliza ni ya nani.

"Iko ya jirani yetu wa Kolwezi, tata wa Kasai. Walipoenda, batu balikuja kutaka gari yake. Bwana yangu akatosha bile bitu bya motere, akabificha, gari isitembee. Akaniambia: mwenyewe atarudi, utamupatia mu mikono yake."

Nikasogeza kiti changu karibu naye. Kisha nikamwambia gari lilikuwa la rangi gani, na lilikuwa la nani. Akanitazama usoni, akauliza kama mimi ndiye yule mtoto aliyekuwa akija jikoni kwake kuomba karanga. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi." Akanikumbatia na unga wa mihogo mikononi.

Alitueleza kwamba mumewe alipofariki alihamia kwa binti yake huko Nzilo. Alikuja Kolwezi kututafuta, mtu akamwambia tumebaki Kasai moja kwa moja. Akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga. Vifaa vyote viwili vilikuwa humo, vimepakwa grisi na kufungwa kwa kitambaa cha shati. Fundi alivigeuza mkononi, akaanza kucheka peke yake.

Nyumbani nililiweka kopo kwenye magoti ya baba, nikamsimulia yote. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Mama yule, iko muzima?"

"Iko muzima, tata."

Akashusha pumzi, akapangusa grisi kwa kidole gumba. "Kumbe alinitunzia," alisema. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayejisomea habari asiyoiamini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akakaa karibu yake, wala hakumkumbusha kwamba alimwambia.

Fundi alipovifunga vifaa vyote, gari lilikohoa kidogo, kisha likawaka. Safari yake ya kwanza ilikuwa Nzilo. Fundi aliendesha, baba mbele, mama na mimi nyuma. Baba na yule mama walikwenda kukaa nyuma ya nyumba, wao wawili tu. Waliyozungumza siyajui. Baba alirudi macho yakiwa mekundu, akatuambia tumekawia, twende.

Njiani alianza kusema habari za jirani yake. Jinsi alivyoogopa mbwa, jinsi alivyoimba kwa sauti nzito kwenye kwaya akiwapoteza wenzake, jinsi alivyompa damu mama hospitalini alipojifungua kaka yangu. Hilo la damu sikuwahi kulisikia. Tulipofika kwetu fundi akazima injini, nami nikamfungulia mlango. Baba akanifanyia ishara kwa mkono nisubiri, kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha.