Kifaru cha Mabati

Miaka ile dhahabu ilipotuchanganya akili Nyangoto, kila mtu alikuwa na shimo lake. Langu lilikuwa kompyuta. Nilichora vifaru vya Vita Kuu ya Pili, tena vile vilivyosahaulika. Nilichokipenda zaidi kilitengenezwa New Zealand: trekta lililovishwa mabati ya mikunjo. Wiki ya tatu nilikuwa bado napanga mikunjo hiyo, na aliyenikatiza nilimjibu vibaya, hata mama.

Asubuhi moja jirani yetu alikuja kuchaji simu kwenye sola. Nilikuwa nimekikunjua kifaru kwenye kioo cha kompyuta ili nikipake rangi: kila kipande kimelazwa bapa kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani, kina namba yake, na mistari myekundu inaonyesha maungio. Jirani yule alitazama kioo, akaondoka bila simu.

Kwake vile vipande vilikuwa viwanja vyetu, na mstari mwekundu ulikuwa mpaka mpya wa mgodi. Aliitangaza habari hiyo, na kabla ya saa sita kijiji kizima kilikuwa kinategesha. Kutegesha kwetu ni kusimamisha kibanda harakaharaka shambani, ili mthamini wa mgodi akija akuandikie fidia ya nyumba. Watu walipita wamejitwika mabati, wanakimbia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kicheko kilikatika nilipomwona baba na panga katikati ya mahindi ya mama. Shamba letu lilikuwa limebaki hilo tu, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu.

"Anza na mimi," mama alimwambia, mikono kiunoni.

Nilikimbia na kompyuta kifuani. "Tata, shikamoo, subiri!" Nilikuwa nimeshamwamkia baba alfajiri, ila hofu haina kumbukumbu. "Ile siyo ramani. Ni kifaru cha vita!"

Nikakiunga upya mbele yake, nikakizungusha. Aliinama, akakikagua mbele na nyuma kama anayenunua ng'ombe mnadani.

"Bati hili geji ngapi?"

"Sijui, tata."

"Linazuia risasi?"

"Wapi! Waliokiunda walisikia adui anakuja, na vifaru vya kweli hawana. Wakasimamisha hiki upesi."

"Kumbe walitegesha."

"Walitegesha, tata."

"Na adui akaja?"

"Hakuja. Wakavua mabati, trekta likarudi kazini."

Baba alilitazama panga, akamtazama mama, ambaye hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Niletee jembe," akaniambia. "Palizi bado."

Mwaka ule mthamini hakuja. Wakati wa mavuno aliyekuja ni yule jirani, na debe tupu, maana kibanda chake kilikuwa kimesimama pale yalipokuwa mahindi yake. Mama alimjazia bila kuuliza neno. Niliona aibu, nikajitwika lile debe, nikamsindikiza mpaka kwake.