Sikusema Hivyo

Kama unasoma haya huku unatafuna karanga, ziweke kando kwanza. Sisemi hivi ili kukutia hamu. Ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Nsemulwa, na waliokuwepo wapo, nenda kawaulize. Watakwambia nilikuwa nafanya sanaa. Waongo. Sanaa yangu naijua, na ile haikuwa yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri picha kwenye kibanda umiza. Kama hukijui, ni banda la mabati lililozibwa kwa maturubai meusi, mabenchi, TV kubwa mbele, na watu wamebanana humo kwenye joto. Picha inakuja na lugha asiyoijua mtu, mimi nakaa nyuma na maiki nawasemea wote: askari, jambazi, bibi, mpaka mbwa. Sikujua Kikorea wala Kihindi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Nani alijali? Nilikuwa natunga. Sehemu waliyoipenda kuliko zote ni pale mtu anapokufa, maana hapo nilimpa maneno ya mzaha. Mtu utumbo uko nje, mimi namsemea, "Mke wangu akiniulizia, mwambieni nimeenda kunyoa." Banda zima linaangua kicheko.

Picha za mapenzi zilitukimbizia watu. Ila bandika mlangoni tangazo lenye panga na damu, wanakuja mpaka watu wa kijiji cha Magamba. Mama mzima anafunika uso kwa viganja, halafu anachungulia katikati ya vidole. Mimi pia nilipenda, sikatai. Moyo unakwenda mbio, halafu taa inawashwa, unajikuta mzima na shingo yako unayo. Ni raha ya aina yake, lakini haishibishi. Leo wanataka kidole kikatwe, wiki ijayo wanataka kichwa. Wanaguguna mahindi ya kuchoma, wanatema makapi chini, wanasema, "DJ, hii ya leo imepoa."

Basi siku moja natoka Kabungu, nikakuta watu wamezunguka barabarani. Bodaboda alikuwa amegongwa na lori, na lori halikusimama. Alikuwa kijana, amevaa koti la mvua la njano, bado anapumua. Kwetu mtu akiangukia barabarani namna ile, anayefika hutafuta cha kumsitiri. Mama anafungua kanga yake, asiye na kanga anakata majani. Mimi nilikuwa na shuka jipya kwenye begi. Nikafungua begi, nikatoa simu.

Nilisogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo. Macho yake yalikuwa kwangu na midomo ilikuwa inacheza, anasema kitu, lakini trekta lililosimama pembeni lilikuwa linanguruma na sikusikia neno. Sikuinama kusikiliza. Nilikuwa nafikiria mzaha gani utaikaa midomo ile. Ona mtu niliyekuwa.

Jumapili iliyofuata, kijana ameshazikwa, niliionyesha ile video kabla ya picha kubwa, kama kachumbari kabla ya nyama. Midomo ya kijana ilipoanza kucheza nikamsemea kwenye maiki, "Abiria, tumefika, shukeni!" Jamani, watu walicheka mpaka mabati yakatikisika. "Rudia, DJ!" Nikarudia. Walioitaka nikawarushia kwenye simu zao, ikiwa imerekodiwa pamoja na sauti yangu ile.

Narudia kwa mara ya nne, ndipo nilipomwona aliyekaa benchi la mbele kabisa. Alikuwa hacheki. Alikuwa amevaa koti la mvua ndani ya joto lile, kofia yake imeziba kichwa. Koti la njano kwenye TV, koti la njano kwenye benchi, na mimi bado sijaelewa! Watu walikuwa wamembana kulia na kushoto, na hakuna aliyemtupia jicho. Kisha harufu ikanifikia, ya petroli na damu, ile damu nzito ya machinjioni inayokaa kooni.

Akasema bila kugeuka, "Sikusema hivyo."

Nilikuwa nyuma kabisa na kelele zote zile, lakini nilimsikia kama yuko sikioni kwangu. Unadhani nilikaa kimya? Mdomo wangu ulishazoea. Nikasema kwenye maiki, "Haya bwana mkubwa, kwani wewe ulisema nini?"

Watu wakacheka. Naye akageuka. Uso wake sitakueleza. Najua ndicho unachokisubiri, na sikupi.

Hapo hapo ulimi wangu ukaacha kuwa wangu. Niamini. Nilisikia ladha ya chuma mdomoni, vuguvugu, na sauti ikatoka, nyembamba, ya kijana, inasema Kisukuma. Mimi ni Mfipa. Kisukuma najua salamu tu na neno mayu, yaani mama, na neno hilo nililitaja mara tatu, nne. Nikaziba mdomo kwa kiganja, maneno yakapita kwenye vidole. Kwenye TV midomo ya yule kijana ilikwenda sawa na yangu, neno kwa neno. Miaka yote ya kutafsiri sikuwahi kumpatia mtu namna ile.

Na watu je? Walipiga makofi! "Leo DJ kaua! Rudia!" Mama mmoja alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa mkono ulioshika gunzi. Nikayatazama yale meno yenye makapi ya mahindi, nikaona kinyaa, halafu nikakumbuka ni nani aliyewalisha. Nikatapika pale pale, juu ya maiki.

Nilipoinua kichwa, benchi la mbele lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Jirani yangu Nkwabi, mfugaji, Msukuma, alikuwa amesimama mbele yangu, jasho linamtoka.

"Maneno yale kakufundisha nani?"

"Kwani nimesema nini?"

Akatazama chini. "Umesema, nifunikeni. Nifunikeni jamani, mayu asinione hivi."

Begi langu lilikuwa miguuni pangu, shuka limo.

Niliifuta video, nikawapigia simu wote niliowarushia. Wenyewe walisharushiana. Ikabaki jambo moja tu, kumwahi mama wa yule kijana kabla haijamfikia. Kesho yake asubuhi Nkwabi, aliyeijua familia hiyo, akanipeleka Kabungu, nyumbani kwa marehemu. Matanga yalikuwa hayajaisha. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga zake mbili.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

Alikuwa ananitazama mdomo. "Ndiyo wewe," akasema. "Ndiyo wewe wa kwenye simu."

Mpwa wake alikuwa amemwonyesha jana yake jioni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwanangu hakuwa mtu wa mizaha," akasema. "Wewe ulikuwa karibu naye, baba. Niambie alisema nini."

Nikaamua kumdanganya. Ningesema amekuaga, amekuombea heri. Nimewatungia maneno watu wangapi, uongo mmoja wa huruma ungenishinda? Ulinishinda. Nilipofungua mdomo ikatoka sauti ya mwanawe, inaomba afunikwe ili mama yake asimwone.

Yule mama hakupiga kelele. Alifungua kanga yake ya juu, akasogea kwa magoti, akanifunika kichwa na uso mzima, mimi bado nazungumza. Akanishika kupitia kanga. "Basi, baba," akasema. "Nimeshakufunika. Nyamaza sasa." Na sauti ikanyamaza.

Tangu siku ile maiki sijaishika. Nalima mahindi Magamba, nyama siigusi. Jirani akiwasha picha ya kukatana mapanga, ladha ya chuma inajaa mdomoni, nakimbilia nje na kuziba mdomo kwa mikono miwili.

Lakini ile video bado inazunguka, na huenda imo kwenye simu yako. Kijana mwenye koti la njano, midomo inacheza, na sauti ya mzaha inasema abiria tumefika. Sauti hiyo ni yangu. Midomo ni ya mtoto wa yule mama. Usimrushie mwenzako. Weka kiganja juu ya kioo umfunike, kisha uifute. Na kama umeshacheka, halafu ukasikia mtu anakwambia hakusema hivyo, tafadhali, usimuulize alisema nini.