Jina la mtoto wake ndilo lilikuwa nywila, na mimi ndiye niliyemfundisha

Admin, nifichie jina, na mtaa wetu usiutaje, ukisema Temeke inatosha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne. Napenda kusoma, sina marafiki wengi, na watu wengi wakinitazama kwa pamoja sauti inanikauka. Naomba mlijue hilo kabla hamjanihukumu.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, uwani pamoja. Kwa kuwa nasoma kompyuta shuleni, mpangaji akinunua simu ananiletea mimi nimfungulie akaunti. Wananiita Mwalimu. Shida yao ilikuwa kusahau nywila, wao wanaita paswedi. Kila wiki utasikia, "Mwalimu, imenigomea tena!" Nikachoka, nikawapa kanuni: jina la mtoto wako wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Hakuna mama anayesahau hivyo. Nilijiona nina akili sana. Sikuwaza kwamba kwetu mama haitwi jina lake, anaitwa kwa jina la mtoto huyohuyo, na linapigiwa kelele uwani tangu alfajiri. Ni sawa na kufunga mlango halafu ufunguo unautundika kwenye kitasa.

Mama Nasri (nimembadilisha jina) ni fundi cherehani. Ndiye mtu mzima pekee anayeongea na mimi kama mtu. Anashona, mie namsomea hadithi. "Rudia hapo alipomwacha mumewe," ananiambia, anacheka.

Jumamosi moja mchana mumewe aliingia uwani bila salamu. Kumbe kuna dereva wa bodaboda alikuwa kijiweni akiwaonyesha wenzake ujumbe wa mapenzi aliotumiwa kutoka akaunti ya Mama Nasri. "Njoo, mume wangu hayupo." Maneno kama hayo, na mengine siwezi kuyaandika.

Alimburuta mkewe kwa nywele kutoka kwenye cherehani. Alimpiga teke la tumbo, akamkanyaga mkono. Nasri alikuwa anapiga mayowe mlangoni. Akina mama walisogea, akawafokea, "Anayetaka kufa aje!" Wakarudi nyuma.

"Akaunti ni yako au si yako?"

"Ni yangu, Baba Nasri, lakini wallahi sikuandika mie!"

"Kaandika nani, jini?"

Hapo Mama Nasri akaniona. Damu inamtoka puani. "Mwalimu, mwambie! Mwambie mtu mwingine anaweza kuingia!"

Baba Nasri akanigeukia. "Haya, wewe msomi. Inawezekana?"

Nyumba nzima ikanitazama. Nikasema nilichokiamini. Nilisema, "Bila nywila haiwezekani."

"Na nywila anaijua nani?"

"Yeye na mimi."

Akachukua pasi ya mkaa iliyokuwa juu ya meza ya kushonea, akampiga nayo usoni. Sauti ya taya kuvunjika ni kama kijiti kikavu. Makaa yalimwagikia shingoni. Ndipo vijana wa nje wakaingia kumshika, yeye bado anarusha mateke, na sisi tukawa tunahangaika kutafuta gari la kumpeleka Mama Nasri polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa, na kisha hospitali.

Simu yangu mama huishika wiki nzima ili nisome, ananipa Jumamosi jioni. Nilipoiwasha siku ile nikakuta barua pepe tatu za tahadhari. Nilipofungua akaunti ya Mama Nasri niliweka anwani yangu kama ya akiba, hivyo taarifa zinakuja kwangu. Zilisema kuna mtu ameingia kwa simu mpya, na aina ya simu ikatajwa. Nyumba nzima mwenye simu ya aina hiyo ni mmoja. Kaka yangu.

Nilimfuata chumbani. Hakukataa. Alisema Baba Nasri aliwahi kumzaba kibao mbele ya washikaji zake, akataka naye aaibike. "Kanuni si yako? Nilikisia mara ya pili tu ikafunguka. Nilijua watagombana yaishe." Nilipomwambia nakwenda kusema, alinikaba shingo na kunibamiza ukutani hadi nikaona giza. Kisha akaniachia akaanza kulia. "Dogo, wataniua. Unajua mtaa huu unavyoua."

Najua. Mwaka jana nilipita mahali walipomchoma kijana aliyesingiziwa kuiba pikipiki. Baadaye mwenye pikipiki aliikuta kwa shemeji yake.

Mama nimemwambia. Alikaa chini, akavuta kanga kichwani. "Mwanangu, nyamaza. Yule atapona. Huyu wakimuua simpati mwingine."

Lakini haponi, nyie. Mkono wa kulia haukunji vidole, sijui atashonaje. Baba Nasri yuko nje kwa dhamana, anatamba kwamba alimpiga malaya wake. Jumapili hii saa nne kuna kikao cha ndugu wa pande zote mbili, wa kwao Mama Nasri wanatoka Lindi. Baba Nasri anasema siku hiyo atatoa talaka na kumchukua mtoto. Kaka yake Mama Nasri naye ameshasema kama dada yake alimvunjia heshima, asirudi kwao.

Juzi nilikwenda kumwona wodini. Taya limefungwa waya, haongei. Alichukua kalamu yangu kwa mkono wa kushoto, akaandika kama mtoto wa chekechea: "Wewe unajua mambo haya. Njoo uwaambie." Nikaitikia kwa kichwa.

Barua pepe zile bado ninazo. Kaka ameniomba nizifute, mama amesema nizifute. Kama nywila yako ni jina la mtoto wako, ibadilishe kabla hujaendelea kusoma maoni hapa chini. Halafu mniambie, kaka zangu na dada zangu, hasa mnaojua sheria: nikisema ukweli nitakuwa nimemuua kaka yangu? Nikinyamaza, mtoto ataondoka na yule mwanaume. Kuna njia ya kusema bila watu kumfikia kaka kwa mawe? Nimwambie nani kwanza? Zimebaki siku tatu, na nimeshaitikia.