Filamu ya Kumrudisha Mama

Harufu ya blanketi zito lenye jasho bado hunichefua. Juzi nilikunja moja la mwanangu, nikajikuta nimerudi Arua, kaskazini mwa Uganda, kwenye chumba ambacho baba alifunika madirisha kwa mablanketi manne ili kelele za boda boda zisiingie kwenye kinasa sauti. Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Alizipenda za Kifilipino, zile za mapenzi na machozi, akaziwekea sauti yake kwa Kiswahili chetu cha West Nile: mume yeye, mke yeye, mama mkwe yeye. Kifilipino chenyewe hakukijua hata neno. Alitazama nyuso, akasoma Kiingereza kidogo kilichopita chini ya picha, kilichobaki akakitunga.

Kanuni yake ilikuwa moja: asiache kimya. Watazamaji wakikaa nusu dakika bila kusikia kitu hupiga miluzi, na wengine hudai mashine imeharibika. Kwa hiyo waigizaji wakinyamaza, baba aliongea. Aliongea kutwa nzima, jamani, halafu akitoka chumbani humo akawa bubu. Alikula, akanawa mikono, akalala. Mama alivumilia miaka kumi, kisha akarudi Koboko kwa kaka yake, akaweka cherehani barazani akawa anashona sare za shule. Mimi nilibaki na baba kwa sababu ya masomo.

Likizo moja nilikwenda kumwona. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, macho ameyafinya, akasema bila kunitazama, "Baba yako iko na maneno kwa kila mutu, mimi tu ndio hapana. Siku ile ataniita na mdomo yake, mimi narudi. Hata bila kufunga mzigo. Lakini wewe usimwambie. Nataka itoke kwake."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka mama arudi kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Nilimwambia baba jioni ileile niliyofika nyumbani, neno kwa neno, pamoja na onyo la kutomwambia. Akanawa mikono, akalala. Alikuwa na filamu mpya: mke anamkimbia mume, mume anavuka bahari hadi kisiwani kwao, wanasimama mlangoni kwenye mvua wakitazamana muda mrefu, hawasemi kitu. Kesho yake akajifungia na mablanketi yake. Nikiwa mlangoni nilimsikia akirudia mahali palepale mara nyingi, sauti ikikatika, akianza tena.

Kwa kawaida filamu zake zilianza kuonyeshwa Arua. Hii akasema itaanza Koboko, Jumamosi, saa tisa alasiri. Siku hiyo akapiga pasi shati, tukasafiri pamoja, akanituma kwa mjomba nikamlete mama kwenye kibanda cha video. Mama alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Nadhani alitarajia kitu, maana alikuwa amejipaka mafuta mpaka shingoni, na njia nzima alinishika mkono kwa nguvu.

Kibanda kilijaa: waendesha boda boda, wafanyabiashara kutoka Sudani Kusini, wanawake wa sokoni. Ikafika mvua ile. Mke wa Kifilipino, kwa sauti nyembamba ya baba, akasema, "Siku ile utaniita na mdomo yako, mimi narudi. Hata bila kufunga mzigo." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mume, kwa sauti ya baba ya kawaida, akajibu, "Rudi nyumbani, mama ya Candiru. Nyumba iko kimya."

"Candiru iko nani tena?" mtu mmoja akauliza. "Si hawa hawana mtoto?"

Nami, kwa fahari yangu yote, nikasimama juu ya benchi nikasema Candiru ni mimi, na maneno yale ni ya mama yangu, huyu hapa.

Vichwa vyote viligeuka. Mama akafunga kitenge vizuri, akatoka. Baba alimfuata, nami nyuma yao. Alisimama mbele yake pale nje, juani, yule mtu aliyeweza kulia kwa sauti tano.

"Umeita ule mwanamuke ya Ufilipino," mama akasema taratibu. "Mimi iko hapa. Niite."

Baba akakohoa. Akatazama viatu vyake. Mama akangoja, nakumbuka alingoja sana, huku ndani watu wakicheka mahali pengine pa filamu. Kisha akaondoka.

Filamu ile ilipendwa. Ilizunguka hadi Vurra, na vijana wakawa wanataniana kwa maneno ya mama. Kwa miaka mingi nilimchukia baba peke yake, maana woga wake niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeshazaa ndipo nilipoelewa kwamba mama alinikabidhi siri moja tu, nami sikukaa nayo hata siku moja. Inaniuma, na maumivu hayajapungua.

Mwaka jana mama alilazwa hospitali siku tisa. Nilisikia kwa mwanamke jirani yake. Nilipofika Koboko nilimkuta ameshatoka, anamenya vitunguu, nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu. Aliendelea kumenya.

"Mwanangu," akasema, "kwako maneno haikai."